Pesa za Hospitali Hugawanywa Vipi?

  Leo hatuzungumzii ugonjwa bali pesa, kwa maana zinakokwenda pesa ndiko dawa hupatikana.

Tuchukue mfano. Mama wa Kitengela amekesha na mtoto mwenye homa. Asubuhi anaipita zahanati ya jirani na kwenda moja kwa moja hospitali kubwa. Huko anakuta foleni ndefu, na kwa kuwa hajalipa bima, anaambiwa alipe mwenyewe. Kwa nini?

Huduma za afya nchini Kenya zina ngazi 6. Ya 1 ni wahudumu wa afya ya jamii wanaotutembelea nyumbani. Ya 2 ni zahanati, ya 3 kituo cha afya. Ya 4 ni hospitali ya kaunti ndogo, kama ile ya Kitengela. Ya 5 ni hospitali ya rufaa ya kaunti. Ya 6 ni hospitali za rufaa za taifa, kama Kenyatta ya Nairobi na Moi ya Eldoret.

Katiba ya 2010 iliigawa kazi hii. Tangu 2013, ngazi ya 1 hadi ya 5 ziko chini ya kaunti, na ya 6 ikabaki kwa serikali kuu. Kaunti hupokea mgao kutoka serikali kuu, kisha bunge la kaunti hupitisha kiasi kitakachokwenda kwa afya, maji au barabara. Hospitali kubwa zina gharama nyingi: wadi, mashine, wataalamu. Zikimaliza mgao wote, zahanati hubaki kuta tupu.

Tangu Oktoba 2024, SHA ilichukua nafasi ya NHIF, ikiwa na mifuko 3. Wa kwanza, unaotokana na kodi, hulipia zahanati na vituo vya afya. Aliyejisajili hatakiwi kutoa malipo. Wa pili, wa michango yetu, hulipia hospitali kubwa. Wa tatu ni wa dharura na magonjwa sugu.

Basi mama, fanya haya:

1. Jisajili kwa kupiga *147#, na uwaandikishe watoto.

2. Anzia zahanati, ikishindwa, itakupa rufaa. Lakini mtoto akipata degedege, akipumua kwa shida au akishindwa kunyonya, au mjamzito akitokwa na damu, kimbilia hospitali mara moja. Katiba inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura.

3. Hudhuria mikutano ya bajeti. Kaunti hupeleka makadirio bungeni kufikia 30 Aprili, kwa hiyo nenda mapema. Uliza: "Zahanati yetu imetengewa ngapi?"

Kitengela hadi Kajiado mjini, pesa hizo ni kodi yako. Mtoto asiyelia hanyonyeshwi. Hadi kipindi kijacho, kwaheri.