Kumtunza Mama Baada ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito

Leo nazungumza nawe mama uliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, na pia nawe unayemtunza mama huyo: mume, dada, wifi, mama mkwe, binti au msaidizi wa nyumbani. Ukiweza, chukua kalamu na karatasi, kwani yako mambo nitakayokuomba uandike.

Huenda unajiuliza, mada hii inatuhusu vipi? Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2008-09 ulionyesha kuwa hapa Kenya, karibu mwanamke 1 kati ya 4 wa umri wa miaka 15 hadi 49 alikuwa na uzito kupita kiasi. Uchunguzi wa mwaka 2014 ulipofanywa, idadi ilikuwa imepanda hadi 1 kati ya 3. Uzito huo huja na presha, kisukari na maumivu ya magoti. Wengi husaidiwa na lishe bora na mazoezi, wengine na dawa. Wachache, ambao uzito wao umekuwa hatari kwa maisha, hushauriwa kufanyiwa upasuaji.

Upasuaji wenyewe huchukua saa chache katika hospitali kubwa. Baada ya siku chache mama hurudi nyumbani. Huko nyumbani ndiko anakopona, na kupona huko hutegemea sana chakula anachopikiwa na maneno anayoambiwa.

Ni nini kimebadilika tumboni?

Upasuaji ulio wa kawaida ni wa namna mbili. Katika ule wa kwanza, daktari huondoa sehemu kubwa ya tumbo la chakula, karibu robo tatu au zaidi. Linalobaki ni jembamba kama ndizi, na mwanzoni hujaa kwa kiasi cha nusu kikombe cha chai. Katika ule wa pili, daktari hutengeneza kifuko kidogo kinachoingia kama vijiko 6 vya chai, kisha hukiunganisha na utumbo mbele zaidi, ili chakula kiruke sehemu ya njia yake ya kawaida. Hapo mwili hunyonya vitamini na madini kwa shida zaidi.

Tafadhali andika jina la upasuaji aliofanyiwa mama, tarehe na hospitali. Karatasi hiyo ikae pamoja na kitambulisho chake. Siku akiugua usiku na kupelekwa zahanati iliyo karibu, muuguzi atakayempokea anahitaji kuijua habari hiyo kabla ya kumpa dawa yoyote.

Chakula: hatua kwa hatua

Fuata ratiba uliyopewa hospitalini. Kwa kawaida huwa hivi. Wiki 2 za kwanza ni vinywaji tu: maji, supu iliyochujwa, maziwa yasiyo na mafuta mengi, uji mwepesi uliochujwa na usiotiwa sukari. Wiki ya 3 na ya 4 ni chakula kilichosagwa kikawa laini: ndengu, maharagwe yaliyoondolewa maganda, samaki asiye na miiba, mala. Baadaye huja chakula laini kama mayai, viazi vilivyopondwa na mboga zilizoiva sana. Chakula cha kawaida hurudi pole pole baada ya wiki 6 hadi 8.

Akiisha kuruhusiwa kula, protini iwe ya kwanza kwenye sahani. Anahitaji angalau gramu 60 kwa siku. Yai 1 lina gramu 6 hivi, glasi ya maziwa gramu 8, na nusu kikombe cha maharagwe yaliyopikwa gramu 7. Unaona basi kwamba gramu 60 hazipatikani kwa mlo mmoja. Ale kidogo kidogo, mara 5 au 6 kwa siku. Omena waliooshwa, wakakaushwa na kusagwa unga wanafaa sana, kwani unaweza kuutia kwenye supu au mboga.

Akae chini, atafune hadi chakula kiwe kama uji, na asiharakishwe. Maji asinywe pamoja na chakula. Angoje nusu saa baada ya kula. Hata hivyo kwa siku nzima afikishe lita 1 na nusu, akinywa funda moja moja. Ugali, chapati na mkate laini hufanya donge na kukwama, na nyama ngumu vilevile. Hivyo vije mwisho, na kwa kiasi kidogo. Soda, juisi tamu na chai yenye sukari nyingi vinaweza kumletea jasho, moyo kwenda mbio, kizunguzungu na kuhara.

Mama mkwe, hapa nakuomba kwa heshima. Tunajua kwamba kwetu mgeni akishiba ndipo mwenyeji hufurahi, na mgonjwa akikataa sahani tunaona kama anakata tamaa. Lakini mama huyu akisema "nimeshiba" baada ya vijiko vitatu, ameshiba kweli. Kumwambia "ongeza kidogo tu" ni kumsukuma atapike, na kutapika kunaweza kumdhuru.

Kutapika si jambo la kuzoea

Jambo hili ndilo linalonitia hofu kuliko yote. Kutapika mara moja kwa sababu ya kula haraka kunaweza kutokea. Lakini mama anayetapika kila siku, au asiyeweza kukaza hata maji kwa siku nzima, anahitaji daktari. Mara nyingi familia husema, "Tumbo bado linazoea," au hudhani ana mimba, na wiki zinapita.

Akiba ya vitamini B1 mwilini huisha kwa wiki chache tu. Ikiisha, mama huanza kuyumba anapotembea, huona vitu viwili viwili, huchanganyikiwa, miguu hufa ganzi. Asipotibiwa haraka, ubongo unaweza kudhurika daima. Ukimpeleka kituo cha afya, sema wazi: "Alifanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito na amekuwa akitapika kwa siku kadhaa." Uliza kuhusu vitamini B1, kwani inafaa apewe kabla ya dripu yenye sukari. Usione haya kuuliza. Si kila mhudumu amewahi kumwona mgonjwa wa aina hii.

Kazi za nyumbani na dawa

Kutembea ni lazima tangu siku za kwanza, ili damu isigande miguuni. Lakini kwa wiki 4 hadi 6 asibebe mtungi wa maji wa lita 20, asimfunge mtoto mgongoni, wala asiinue sufuria kubwa. Mtoto mdogo aletewe akiwa ameketi. Ndugu wa nyumbani, gawaneni kazi hizo mapema.

Kama mama alikuwa akitumia dawa za kisukari au presha, sukari na presha zinaweza kushuka haraka baada ya upasuaji, na kipimo cha zamani kikawa kikubwa mno. Asikatize dawa mwenyewe, wala asiendelee nazo bila kupimwa. Arudi kliniki akaangaliwe.

Kwa maumivu, aulize daktari kuhusu paracetamol. Diclofenac, ibuprofen na aspirini tunazonunua dukani kila kichwa kikiuma zinaweza kumletea vidonda vya tumbo na hata kutokwa damu. Asimeze bila idhini ya daktari. Pombe nayo humlevya haraka kuliko zamani, na sigara huchelewesha kidonda kupona.

Vidonge vya vitamini na madini ni vya maisha yote, si vya mwezi mmoja. Kwa kawaida ni vitamini za mchanganyiko, B12, vitamini D, madini ya chuma na kalisi. Chuma na kalisi visimezwe pamoja. Viachane kwa saa 2. Damu ipimwe mara kadhaa mwaka wa kwanza, na baadaye angalau mara moja kila mwaka.

Mwili mpya na macho ya watu

Mama aliyekuwa na kilo 120 anaweza kupunguza kilo 30 au zaidi katika mwaka mmoja hivi. Ngozi haiwezi kurudi haraka kiasi hicho. Hulegea tumboni, mikononi, mapajani, na matiti hushuka. Chini ya mikunjo hukaa jasho na vipele. Aoshe mikunjo hiyo kila siku kwa maji na sabuni isiyo kali, apanguse hadi ikauke kabisa, avae nguo za pamba na sidiria inayomshika vizuri. Vipele vikiwasha, vikitoa harufu au majimaji, aende kliniki apewe dawa ya kupaka. Ngozi iliyolegea hairudi kwa mafuta ya kupaka, hata muuzaji akiapa. Mazoezi ya kutia misuli nguvu husaidia kiasi. Akitaka ngozi hiyo ipunguzwe kwa upasuaji, kwa kawaida husubiri hadi uzito utulie.

Nywele hunyonyoka kati ya mwezi wa 3 na wa 6. Usiogope, mama. Kwa wengi huota tena, mradi unakula protini ya kutosha na kumeza vidonge vyako. Kwa sasa usisuke za kubana sana. Zikiendelea kunyonyoka baada ya mwaka, damu ipimwe.

Kuna jambo jingine ambalo huumiza kuliko kidonda. Mtaani kwetu, mtu akikonda, watu hunong'ona. "Ameshikwa na ule ugonjwa." "Mumewe anamnyima chakula." Kanisani wanamtazama mara mbili, sokoni wanamuuliza kama yu mgonjwa. Mama aliyelia kwa kuitwa mnene sasa analia kwa kuitwa mgonjwa. Mama, hulazimiki kumweleza kila mtu habari za tumbo lako. Jibu fupi linatosha: "Niko chini ya daktari na naendelea vizuri." Nawe unayeishi naye, maneno hayo yakifika masikioni mwako, yazime. Usiyalete nyumbani kama habari.

Pia moyo wenyewe unahitaji muda. Chakula kilikuwa faraja na kilikuwa njia ya kuketi na wengine. Kikiondoka, huzuni inaweza kuingia, hata kama mizani inaleta habari njema. Wengine hujitazama kwenye kioo wasijijue. Mume, mwambie unamwona. Kaa naye mezani hata kama sahani yake ni ndogo. Akikosa usingizi, akijitenga, au akisema heri afe, hilo ni dharura kama homa kali. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, na usimwache peke yake.

Mimba isije mapema

Uzito ukishuka, hedhi iliyokuwa imepotea hurudi, na mama aliyehangaika miaka mingi kupata mtoto anaweza kushika mimba ghafla. Ni vyema angoje miezi 12 hadi 18, kwani mwili unaopungua haraka hauna akiba ya kumlisha mtoto tumboni. Vidonge vya kupanga uzazi huenda visifanye kazi vizuri, hasa baada ya upasuaji ule wa namna ya pili. Zungumza na muuguzi kuhusu kipandikizi cha mkononi au koili. Kama mimba imeingia tayari, usijifiche. Anza kliniki mapema na useme kuhusu upasuaji. Na kama unanyonyesha, B12 isikosekane, maana mtoto huipata kutoka kwako.

Kimbilia hospitali ukiona haya

Andika orodha hii na uibandike jikoni:

1. Maumivu makali ya tumbo, au maumivu ya bega la kushoto, hasa wiki za kwanza.
2. Moyo kwenda mbio hata akiwa amepumzika, au homa.
3. Kupumua kwa shida, au mguu mmoja kuvimba na kuuma.
4. Kidonda kutoa usaha.
5. Kutapika kusikokoma, au kushindwa kunywa maji.
6. Kutapika damu au choo cheusi kama lami.
7. Maumivu upande wa kulia chini ya mbavu, kwani kukonda haraka huweza kuleta mawe kwenye kibofu cha nyongo.
8. Kuyumba, kuchanganyikiwa au kuona viwili viwili.

Swali linaloulizwa sana

"Je, uzito unaweza kurudi?" Ndiyo, wengi huongeza kiasi baada ya mwaka wa 2. Haina maana kwamba mama ameshindwa au pesa zimepotea. Arudi kwa mtaalamu wa lishe, aangalie vinywaji vitamu na vitafunio vya hapa na pale, na aendelee kutembea. Wasiwasi usimfanye ajifungie au aache kwenda kliniki, kwa sababu huko ndiko msaada uliko.

Msikilizaji, kwa leo nakomea hapo. Kabla hujalala, fanya mambo matatu: weka ile karatasi ya upasuaji pamoja na kitambulisho, bandika ile orodha ya hatari jikoni, na muulize mama leo amekunywa maji kiasi gani.