Likamulie Ndimu Kwanza

Msikilizaji wa Kisumu, unatengeneza jikoni? Kabla hujalipia jiwe la kaunta, likamulie ndimu.

Hapa kwetu ngege na mbuta hawakosi ndimu wala nyanya. Marumaru haivumilii vitu hivyo. Imejaa chokaa, na ndimu huila chokaa. Mng'aro unatoka, linabaki doa lililofifia ambalo kitambaa hakiondoi. Graniti haina shida hiyo. Ni jamaa ya yale mawe ya Kit Mikayi, kule Seme, yanayopigwa mvua na jua miaka nenda miaka rudi.

Basi mwombe muuzaji kipande kilichobaki. Kamulia ndimu. Ngoja dakika kumi, pangusa, kisha kiinamishe kwenye mwanga. Ukiona alama, hilo si jiwe la jikoni, hata aliite graniti mara ngapi. Ndimu kwanza, M-Pesa baadaye.

Bafuni ni habari nyingine. Marumaru ukutani, sawa. Sakafuni chagua jiwe ambalo halikung'arishwa. Linalong'aa likilowa sabuni litakuangusha. Na usiimwagie marumaru dawa kali ya choo. Itaila kuliko ndimu. Maji na sabuni ya vyombo yanatosha.