Shule ya Old Kampala na Mtoto wa Mkimbizi

(Hotuba ya kamati kwa wazazi na wanafunzi, siku ya maadhimisho)



Tumeombwa tuseme juu ya elimu. Maneno ya jumla mmekwisha kuyasikia kila mwaka. Leo tumechagua shule moja, Shule ya Sekondari ya Old Kampala, kwa sababu historia yake inatugusa sisi wakimbizi.

Kwanza mahali penyewe. Wale mliofika Kampala mnakijua kilima cha Old Kampala, chenye Msikiti wa Kitaifa na mnara wake mrefu. Mwezi wa Desemba 1890 Kapteni Lugard, Mwingereza, alijenga ngome yake juu ya kilima hicho, na mji wa leo ukakua kuanzia hapo. Ukipanda mnara ule unaona vilima vingine: Namirembe cha Waprotestanti, Rubaga cha Wakatoliki, Kibuli cha Waislamu, na Mengo cha Kabaka. Kila dini ilijenga shule zake. Old Kampala ukawa mtaa wa maduka, na Wahindi wengi wakakaa hapo.

Wakati wa ukoloni shule za Uganda zilitengwa kwa rangi. Mzungu alikuwa na yake, Mhindi yake, Mwafrika yake. Old Kampala ilikuwa upande wa Wahindi. Baada ya uhuru wa 1962 mambo yalianza kubadilika. Mwaka 1963 Tume ya Castle ilitoa taarifa yake juu ya elimu, na serikali ikachukua usimamizi wa shule inazozisaidia ili zipokee watoto wa nchi nzima bila kujali rangi wala dini.

Sasa tunakuja kwenye jambo lililotufanya tuichague shule hii. Tutawataja wanafunzi wake wawili.

Wa kwanza ni Mahmood Mamdani, mtoto wa familia ya Kihindi. Alisoma Old Kampala, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 akapata nafasi ya kwenda chuo kikuu Marekani. Alirudi Uganda mwaka 1972. Mwezi wa Agosti mwaka huohuo Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 kuondoka nchini. Mamdani akajikuta katika kambi ya wakimbizi mjini London, na mwaka 1973 akatoa kitabu juu ya safari hiyo ya kutoka uraia hadi ukimbizi. Baadaye akafundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha Makerere, naye ni profesa anayejulikana duniani. Duka na nyumba viliweza kuchukuliwa, lakini aliyoyasoma aliondoka nayo.

Wa pili ni Paul Kagame. Tunajua kwamba jina hili linaamsha mengi katika makazi kama haya. Hatulitaji kwa siasa, tunalitaja kwa ajili ya dawati alilokalia. Wazazi wake walikimbia Rwanda naye akiwa mtoto mdogo, wakakaa katika kambi ya Nshungerezi, magharibi ya Uganda. Alianza sekondari Ntare, Mbarara. Baba yake akafariki, masomo yakayumba, akaondolewa shuleni pale. Akamalizia sekondari Old Kampala katika miaka ya 1970.

Angalieni basi, ndugu wazazi. Shule ni moja, na muongo ni mmoja. Mwanafunzi wake wa zamani alifukuzwa nchini akawa mkimbizi, na mkimbizi kutoka kambini akaingia akapata nafasi. Kwa hiyo mtu asiwaambie watoto wetu kwamba shule za mjini si za watu kama wao.

Tuna tatizo hapa nyumbani. Watoto wanamaliza darasa la saba, na wengi wanaishia hapo. Mzazi mmoja anasema, "Karibu tutarudi kwetu, atasoma huko." Mwaka unapita, na mwingine, na mtoto amekuwa mtu mzima. Msichana anaolewa, mvulana anakwenda kubeba mizigo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi siku yetu ya tatu ilipita zamani. Kalamu nayo ni jembe.

Sheria haiko kinyume chetu. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inampa mtoto wa mkimbizi haki ya elimu ya msingi sawasawa na raia, na inagusa pia masomo ya juu na kutambuliwa kwa vyeti vya nje. Tangu 2007 Uganda ina mpango wa sekondari kwa wote. Si kila shule imo katika mpango huo, na sare, madaftari na chakula vinabaki mzigo wa mzazi. Hilo hatulifichi.

Kwa hiyo kamati inaomba mambo matatu. Moja, kila mtoto afanye mtihani wa darasa la saba, na matokeo yake yatunzwe pamoja na karatasi za ukimbizi. Mbili, mwenye vyeti vya Kongo au kwingine avipeleke mapema Baraza la Mitihani, UNEB, vilinganishwe na vya Uganda, asingoje mpaka wiki ya kufungua shule. Tatu, wenye ndugu Kampala waulizie nafasi na gharama za shule za serikali, watuletee habari, nasi tutazitangaza kwa wote.

Vijana, someni. Hatujui tutarudi lini, wala kama tutapelekwa nchi nyingine. Popote tutakapofika mtaulizwa mmesoma mpaka wapi.