Aliyeona Asinyamaze



Tangu mwaka 2003, mji wa Geneva huandaa tamasha la filamu za haki za binadamu mwezi wa Machi, wakati uleule wajumbe wa serikali wanapokutana katika Umoja wa Mataifa mjini humo. Mikutanoni, serikali hujitetea kwa ripoti. Sinemani, aliyeteswa huonekana na kusikika. Baada ya filamu hufuata mjadala. Basi mjumbe hawezi kudai kwamba hakupata habari.

Nasi tunazo kumbi za parokia. Tuonyeshe filamu humo, kisha tusitawanyike: tujadiliane, tuamue, tuwaandikie wabunge wetu. Kuona dhuluma na kunyamaza ni kuishiriki. Njia ya mwongo ni fupi. Nasi tuifupishe zaidi.