Kubadili Ndege Addis Ababa

Ukitoka Kinshasa kwenda ng'ambo, huenda ukabadili ndege kwenye uwanja wa Bole, Addis Ababa. Kwanza rekebisha saa yako: Addis iko mbele ya Kinshasa kwa saa mbili, na mbele ya kwetu Kasongo kwa saa moja. Tikiti ikiandika 10:30, ni saa nne na nusu asubuhi ya huko. Kabla ya kupanda, soma karatasi iliyofungwa kwenye valizi: ukienda Dubai, iwe imeandikwa DXB. Ukishuka Bole, usifuate wanaotoka nje. Fuata vibao vya wanaounganisha safari. Mlango wa kupandia hufungwa kabla ndege haijaruka. Pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano zikae mkononi. Muda ukibana, mwonyeshe mhudumu tikiti mapema. Kuuliza si ujinga.