Kalamu za Rangi: Ngumu au Laini?

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya kitu kidogo ambacho kila mwanafunzi amepata kukishika mkononi, nacho ni kalamu ya rangi. Labda wengine watasema, Je, walimu hawa hawana neno kubwa zaidi la kutuambia? Twaomba mtuvumilie. Sisi tunaofundisha walimu hapa Sumbawanga tuliidharau kalamu hiyo siku moja, tukaaibika mbele ya wakulima, na habari yenyewe ndiyo hii.

Mwaka wa 2017 mdudu mgeni aliingia katika mashamba ya mahindi ya mkoa wetu wa Rukwa. Jina lake ni kiwavijeshi vamizi. Asili yake ni Amerika. Mwaka wa 2016 alionekana Afrika ya Magharibi, na mwaka uliofuata alikuwa amekwisha kufika kwetu. Watu wa Ufipa si wageni wa viwavi. Walimjua kiwavijeshi wa siku zote, ajaye kwa makundi makubwa, akala majani ya uwanda mzima, kisha akatoweka. Walimjua na funza atoboaye shina la mhindi. Kwa hiyo wengi walipomwona huyu mpya walidhani ni yule yule wa zamani, wakangoja aende zake. Lakini huyu hakwenda. Huingia katika moyo wa mhindi, pale majani machanga yanapochipuka, akajificha humo pamoja na mavi yake yaliyo kama unga wa mbao; na akiisha kujificha, hata dawa hupata taabu kumfikia. Yapasa atambuliwe angali mdogo.

Alama zake ni mbili. Usoni ana mistari myembamba iliyofifia, yenye umbo la herufi Y iliyopinduliwa. Tena karibu na mkia, juu ya pingili ya pili kutoka mwisho, ana madoa manne meusi yaliyokaa kama pembe za mraba. Rangi ya mwili haitoshi kumtambua, maana yuko wa kijani, yuko wa kahawia, na yuko aliye karibu kuwa mweusi. Basi sisi na wanafunzi wetu tukaazimia kuchora kadi ndogo za manila, kila moja ya kuenea kiganjani, ili mkulima aende nayo shambani, afunue majani, amlinganishe mdudu na picha. Kumchora mkubwa ubaoni ni rahisi, lakini ubao hauendi shambani.

Tulinunua kalamu laini, kwa kuwa tulipozijaribu zilitoa rangi nzito kwa kugusa tu, na macho yetu yakapendezwa. Kadi zikamalizika, ziking'aa. Tukazipeleka katika kijiji kimoja cha upande wa Nkasi. Bibi mmoja mzee akaichukua kadi, akaisogeza hata ikakaribia kugusa pua yake, akasema, "Mwalimu, mdudu wako ni mzuri, lakini uso wake siuoni." Kisha akaweka kidole penye mkia. "Na hapa, haya ni madoa, ama amepata kidonda?"

Tukatazama. Alikuwa amesema kweli. Ncha laini ilikuwa imelala chini kila tulipoikandamiza, na mahali pa madoa manne palikuwa na doa moja kubwa. Ile Y ilikuwa imezibwa kabisa. Picha hiyo ingaliweza kuwa ya kiwavi ye yote wa duniani. Twakiri kwamba hatukuwa na la kumjibu, illa kuomba kadi zetu, tukarudi nazo.

Basi tulianza kujifunza upya, na kwanza tulitaka kujua ndani ya kalamu mna nini. Hapo ni lazima tutenge kalamu za namna mbili. Ile tuitayo kalamu ya risasi haina risasi hata chembe. Kiini chake ni grafiti, madini ambayo hata hapa Tanzania yapatikana, mathalani Mahenge na Ruangwa. Mwaka wa 1795 Mfaransa aitwaye Nicolas-Jacques Conté alipata hati ya kulinda ufundi wake wa kuchanganya unga wa grafiti na udongo, kisha kuuchoma mchanganyiko huo katika tanuri. Udongo ukizidi, kalamu huwa ngumu. Ukipungua, huwa laini. Wazee wa Ufipa waliokuwa wakiyeyusha chuma katika malungu, yale matanuri marefu ya udongo, wasingalishangaa kuambiwa habari hii, maana walijua vema moto unavyoufanya udongo.

Kalamu ya rangi ni nyingine. Kiini chake ni unga wa rangi uliochanganywa na nta au mafuta, na udongo mweupe laini, na gundi ya kushikamanisha. Hicho hakichomwi katika moto mkali kama cha grafiti, kwa kuwa nta ingeyeyuka na rangi nyingi zingeharibika, hukaushwa tu. Nta na rangi zikiwa nyingi, kiini huwa laini, hushuka juu ya karatasi kama samli juu ya kiazi cha moto. Udongo na gundi vikiwa vingi, kiini huwa kigumu, hukubali kuchongwa hata kikawa kama mwiba, wala hakivunjiki upesi. Tena mara nyingi kiini laini hufanywa kinene, karibu milimita 4, kisije kikakatika; lakini kigumu chaweza kuwa cha milimita 2 tu.

Wenzetu wa nchi nyingine walilijua jambo hili zamani. Kampuni ya Faber-Castell ya Ujerumani ilianza kuuza kalamu zake ziitwazo Polychromos mwaka wa 1908, ambazo viini vyake ni vya mafuta na ni vigumu kidogo. Huko Marekani kalamu za Prismacolor, zilizotoka mwaka wa 1938, ni za nta, laini sana. Nazo zina ndugu yao aitwaye Verithin, ambaye ni mwembamba na mgumu, aliyefanywa kwa ajili ya mistari na pembe. Hatuzitaji kwa kuwa twawashauri mzitafute, maana si za kupatikana katika kila duka. Twazitaja ili mwone kwamba mafundi wenyewe hawakuchagua ngumu wakaitupa laini, wala laini wakaitupa ngumu. Kila moja ina kazi yake.

Neno la pili tulilojifunza ni la mpango wa kazi, nalo ndilo lililotuponya. Hapo mwanzo tulipaka nta nzito kwanza, kisha tukataka kuchora madoa juu yake. Haiwezekani. Ncha ngumu ikipita juu ya nta nzito huteleza, au hukwangua, ikatoa mfereji badala ya mstari. Yafaa kuanza kwa kalamu ngumu ya rangi hafifu, kama manjano au kijani kibichi, kwa mkono mwepesi, mara moja na mara ya pili, ili vinyweleo vya karatasi visizibwe. Kisha kalamu laini ya kahawia ipite mgongoni na ubavuni, mahali pa kivuli, nayo kwa wepesi vile vile. Mahali pa madoa paachwe wazi tangu mwanzo. Mwisho kabisa, kalamu ngumu nyeusi iliyochongwa wakati ule ule ije kuweka madoa yake manne, moja moja, na nafasi kati yake.

Na ile Y je? Wanafunzi wengi hudhani wataipata kwa kalamu nyeupe juu ya rangi nyeusi. Wajaribu, nao wataona kijivu. Nyeupe iliyo bora ni ile ya karatasi yenyewe. Mwanafunzi wetu mmoja, kijana mkimya asiyependa kusema darasani, ndiye aliyetuonyesha njia. Alichukua peni iliyokwisha wino, akaichora Y juu ya karatasi tupu kwa kukandamiza, karatasi ikabonyea pasipo rangi yo yote. Ndipo akapitisha kalamu nyeusi kwa ubavu wa ncha, polepole. Rangi ikakaa pande zote, ule mfereji ukabaki mweupe. Tuliokuwa tukifundisha kuchora miaka mingi tulisimama nyuma yake tukitazama kama watoto.

Kuna na jambo la baridi, ambalo vitabu havitaji, labda kwa kuwa walioviandika hawakuishi Ufipa. Mji wetu uko juu, kadiri ya meta 1800 toka usawa wa bahari, na asubuhi za mwezi wa Juni na Julai upepo hukata masikio. Nta hukaza kwa baridi. Kalamu iliyokuwa laini mchana, asubuhi hukwaruza, na mtoto hudhani kwamba ameuziwa kalamu mbovu. Aishike katika viganja kitambo kidogo, au aiweke kwapani, nayo itarudi hali yake. Walakini ukishuka Lyamba lya Mfipa hata Muze, katika bonde la Ziwa Rukwa, mambo hugeuka. Tulipokwenda huko na kalamu zile zile laini, ncha zilibonyea kwa joto, na mistari ikawa minene kama vidole. Wanaofundisha bondeni yawapasa kutegemea zaidi kalamu ngumu kwa kazi ndogo, na kuziweka laini kivulini, mbali na dirisha.

Juu ya kuchonga tuna maneno machache. Kichongeo chenye wembe butu huvunja kiini laini kila mara, na mtoto huchonga mpaka kalamu ikaisha. Wembe ukiwa butu, afadhali kisu kidogo kikali mkononi mwa mtu mzima, kisha ncha isuguliwe juu ya kipande cha msasa. Tena msiangushe kalamu sakafuni. Ukiiangusha, mti huonekana mzima, lakini kiini kimekatika vipande vipande ndani, nawe utashangaa siku zote kwa nini ncha inadondoka. Na mkiona baada ya siku kadhaa picha imefunikwa na ukungu mweupe, msidhani ni uchafu: ni nta iliyopanda juu, hasa penye rangi nyeusi iliyopakwa kwa nguvu. Pangusa polepole kwa kitambaa laini.

Tulirudi katika kijiji kile baada ya majuma mawili. Yule bibi hakutuuliza habari za kalamu, wala hatukumweleza. Alichukua kadi mpya, akaenda nayo moja kwa moja shambani kwake, nasi tukamfuata. Alifunua majani ya mhindi wa tatu, akatoa kiwavi mwenye urefu wa ukucha, akamweka juu ya kadi, akahesabu kwa kidole. Kisha akamponda kwa jiwe, akaenda mhindi wa nne. Hakuturudishia kadi ile, nasi hatukumdai.

Sasa twajua kwamba wengi wenu mwaweza kununua kisanduku kimoja tu, na swali ni hili: kiwe cha namna gani? Kwa picha zenye vitu vidogo, kama wadudu, maua, mbegu na ramani zenye mito na mipaka, sisi twashauri kalamu ngumu kwanza. Aliye na kalamu ngumu aweza kufunika mahali papana kwa subira, lakini aliye na laini peke yake hataupata mstari mwembamba kwa subira wala kwa nguvu. Fedha ikibaki, aongeze laini mbili au tatu za kununua moja moja, hasa kahawia na kijani kilichoiva. Watoto wadogo, wanaopaka tu kwa furaha yao, wapewe laini; mikono yao haina nguvu ya kukandamiza, nao hukata tamaa upesi.

Lakini jihadharini sana, maana dukani kuna kalamu ngumu na kuna kalamu mbovu, na kwa macho zafanana. Viherufi vya H na B vilivyo kwenye kalamu za risasi, kwa kawaida hamtaviona kwenye kalamu za rangi, basi hapana budi kujaribu. Mwombe mwenye duka akuruhusu kuchora mstari mmoja pembeni mwa karatasi. Usikandamize. Kalamu ngumu iliyo njema hutoa mstari mwembamba ambao rangi yake yaonekana wazi kwa mkono mwepesi. Kalamu mbovu haitoi rangi mpaka uikandamize, kisha hukwaruza karatasi, kwa kuwa rangi imetiwa kidogo na udongo umetiwa mwingi kwa kupunguza gharama. Tazama na mwishoni mwa kalamu kama kiini kiko katikati ya mti. Kikiwa kimeelekea upande mmoja, kichongeo kitaacha mti upande mmoja na kuvunja kiini upande wa pili, nawe utakuwa umenunua kuni. Mwenye duka akikataa usijaribu, nenda duka la pili.