Mfuko Ushindwe na Udongo, Usishindwe na Mzigo



Tarehe 8 Agosti 2018, Burundi ilipata amri ya Rais iliyopiga marufuku kuingiza, kutengeneza, kuuza na kutumia mifuko ya plastiki nchini. Ilitolewa nafasi ya miezi 18, nayo ikaisha mwanzoni mwa mwaka 2020. Burundi haikuwa peke yake. Rwanda ilitangulia mwaka 2008, Kenya ikafuata mwaka 2017, na Tanzania Bara mwaka 2019. Sababu yake inajulikana na kila askari aliyepata kushika doria Bujumbura baada ya mvua kubwa: mifuko huziba mitaro, na mingine huchukuliwa na mto Ntahangwa hadi Ziwa Tanganyika.

Hata hivyo, amri hiyo haikufunga mlango wote. Mifuko inayooza iliachwa nje ya marufuku, na hapo ndipo penye suala la leo.

Katika mtaa wa Jabe, muuza ndagala hana haja ya kuhubiriwa juu ya usafi. Haja yake ni mfuko utakaofika salama nyumbani kwa mnunuzi. Karatasi ikilowa hupasuka. Ikiwa mfuko unaooza nao utakatika njiani, watu watarudia nailoni kwa kificho, na polisi watabaki kukimbizana na akina mama wa sokoni kila kukicha. Sheria inayokataza kitu bila ya kupatikana kingine cha kushika nafasi yake humwelemea yule anayeitekeleza.

Plastiki inayooza iliyo maarufu kuliko zote ni asidi ya polilaktiki, kwa kifupi PLA. Hutengenezwa kwa sukari ya mahindi, miwa au mihogo, ambayo huchachushwa kwanza na vijidudu. PLA ina nguvu, lakini haina ustahimilivu. Mambo hayo mawili si mamoja. Kioo kina nguvu, lakini kikigongwa huvunjika. Kadhalika ukanda wa PLA ukivutwa hukatika ukiwa umerefuka kwa asilimia chache tu.

Wahenga walisema kwamba jifya moja haliinjiki chungu. Wataalamu wamefuata njia hiyo hiyo: huiyeyusha PLA pamoja na plastiki nyingine iliyo laini. Mwenzi anayetumika sana huitwa PBAT. Aghalabu hutokana na petroli, lakini vijidudu huweza kuila, nayo hurefuka mara kadhaa ya urefu wake kabla ya kukatika. Kwa sahani na vikombe, PLA huwa sehemu kubwa ya mchanganyiko. Kwa mifuko, mara nyingi PBAT ndiyo huzidi.

Siri ya mchanganyiko ni matone madogo mno yasiyoonekana kwa macho. Ufa unapoanza kutambaa ndani ya PLA, hukutana na matone laini yaliyotawanyika kila mahali. Matone hayo hunyumbuka na kuitawanya ile nguvu ya pigo, ufa ukachoka kabla ya kufika upande wa pili. Maarifa haya si mageni kwa askari. Kofia ngumu nyingi za waendesha pikipiki hutengenezwa kwa plastiki ya ABS, ambayo ndani yake mna chembe za mpira kwa kazi hiyo hiyo.

Lakini PLA na PBAT hazipatani kwa urahisi. Zikichanganywa ovyo, hutengana kama mafuta na maji, na mpaka baina yake huwa ndipo mahali pa kupasukia. Kwa hiyo huongezwa kiasi kidogo cha kiunganishi, yaani kemikali ambayo upande mmoja hushika PLA na upande wa pili hushika PBAT. Nayo ina bei yake: kila ulaini unapozidi, ugumu hupungua.

Ndugu wasikilizaji, hatari iliyo kubwa zaidi ni udanganyifu. Iko mifuko ya nailoni ya kawaida iliyotiwa chumvi za madini ili isambaratike juani. Hiyo haiozi, bali huwa vipande vidogo vinavyobaki katika udongo na maji. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kuanzia Julai 2021. Na hata PLA halisi haiozi upesi popote itupwapo: hutaka joto la karibu nyuzi 60 katika lundo la mboji linalotunzwa. Ikitupwa ziwani, hukaa miaka mingi.

Basi neno «inaoza» lililochapwa juu ya mfuko si ushahidi. Kipimo cha Ulaya kiitwacho EN 13432 hudai kwamba asilimia 90 ya kaboni yake igeuke hewa ndani ya miezi 6. Shehena inapofika mpakani, swali la haki ni cheti cha kipimo, na Ofisi ya Viwango ya Burundi ndiyo yenye dhamana ya ubora. Ukaguzi ukikazwa kwa mwagizaji mkubwa, hapatakuwa na haja ya kumpokonya mama wa Jabe mifuko michache. Mfuko unaostahili kuruhusiwa ni ule usioshindwa na mzigo, ila ushindwe na udongo.